Kibuyu Bado Kinajibu kwa Jina Lako

Mwadime, ndugu yangu,

Mimi ni Mcharo. Najua unajua, lakini wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba neno lisilo na msemaji halifai kuwekwa popote, kwa hivyo naanza vile ulivyotaka tuanze kila kitu. Msemaji: Mcharo. Mahali: Voi, ofisini kwetu, nyuma ya duka la saruji. Wakati: asubuhi, mvua imenyamaza kidogo. Anayeambiwa: wewe. Pale panapoulizwa hali ya anayeambiwa nimeacha wazi.

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naoga. Chakula hakina ladha lakini kinashuka. Watu wananiuliza barabarani, Mcharo, unaendeleaje, nawaambia niko kama tairi jipya, wanacheka, wanaenda zao. Mimi nabaki nimesimama pale pale nikijaribu kukumbuka kama na mimi nimecheka.

Kwenye mazishi yako walinipa maikrofoni. Nani mwingine angepewa? Hakuna mtu Taita Taveta nzima anayeweza kushika umati kama mimi, hilo hata mchungaji analijua na linamuuma. Nikawaambia vile ulivyokuwa ukimwona kinyonga unapanda juu ya meza, mtu wa digrii mbili, unapiga kelele kama unaibiwa. Watu wakacheka. Mama yako akacheka, leso mdomoni. Nikajiambia, sawa, nimefanya kazi yangu, nitalia nikifika nyumbani. Nilipofika nyumbani nikavua viatu nikalala. Nilipoamka nikanywa chai. Sijalia bado, Mwadime. Mimi niliyelia Juba kwa sababu ya lori lililoungua, na lori lenyewe si langu. Kwako, hakuna. Ni kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi, anaushika, anajua ni wake, lakini hausemi kitu.

Uliniambia kichwa kinauma. Ulikuwa umesimama hapo mlangoni na kikombe. Nikakwambia ni hiyo kompyuta, nenda ukalale. Daktari alisema ni mshipa uliopasuka kichwani, kwamba hata tungekukimbiza na helikopta ni vile vile tu. Nimemwamini. Sina la kufanya nisipomwamini.

Basi ngoja nikupe habari, maana barua isiyo na habari ni kupoteza karatasi.

Lakini kwanza nataka kukukumbusha tulikotoka, si kwa sababu umesahau, ila mimi nikikaa kimya nasikia feni tu.

Ulikuja Voi ukitafuta mtu wa kukupeleka kwa watu. Ukaambiwa yuko Mcharo, ameendesha malori mpaka Kisangani, anajua kila boma kuanzia Miasenyi mpaka Taveta, na hana kazi kwa sasa. Hiyo ya mwisho ilikuwa fitina. Shule mimi niliacha kidato cha pili, au shule iliniacha mimi, inategemea unamuuliza nani. Wewe ukaniketisha kwenye kiti cha plastiki ukaniambia unajenga ontolojia. Nikakuuliza kama inatibika. Ulicheka mpaka ukavua miwani.

Halafu ukanieleza, na mpaka leo hakuna mtu aliyewahi kunieleza kitu vizuri hivyo. Ukasema kompyuta haijui chochote. Haijui mbuzi ni mnyama, haijui mnyama anakunywa maji, haijui kisima kina mwenyewe. Kwa hivyo unakaa nayo kama mtoto mchanga, unaiambia vitu gani viko duniani, kipi ni aina ya kipi, kipi kinahusiana na kipi. Ukishamaliza, mtu wa Kishushe anatuma meseji, anauliza nipeleke ng'ombe wapi, njia ikoje, ndovu wako wapi, nayo inajibu. Ukaiita Kibuyu, kwa sababu mbegu huwekwa kibuyuni. Mchungaji akaja kuuliza kama kuna majini ndani. Nikamwambia yako, lakini yameokoka.

Unakumbuka mto? Ulichukua ontolojia ya wazungu iliyokuwa tayari, ukaiweka kama ilivyo, na humo mto ni maji yanayotiririka. Tukakiuliza Kibuyu mito ya Kishushe kikasema hakuna. Hakuna hata mmoja! Wewe uliyezaliwa ukingoni mwa korongo la Kishushe, uliyevuka mchanga wake ukienda shule miaka yote. Ukakaa ukiitazama skrini, halafu ukasema, "Mcharo, hawa wameandika mto wakiwa wamekaa kando ya mto uliojaa." Ukafuta. Ukaandika kwamba mto ni mahali maji yanapopita yakija. Na juu yake ukaweka kwamba kiangazi mahali hapo hapo ni njia ya magari. Nikakwambia kitu kimoja hakiwezi kuwa njia na pia mto. Ukaniambia kinaweza, kama husemi vyote viwili katika chumba kimoja.

Vyumba. Hapo ndipo nilipoelewa kazi yako. Chumba cha kiangazi, chumba cha mvua. Chumba cha Kishushe, chumba cha Marungu. Jambo linaweza kuwa kweli katika chumba hiki na uongo katika kile, na hakuna aliyedanganya. Vitabuni vinaitwa muktadha, ulisema, lakini mama yako asingeelewa muktadha, na vyumba anavyo.

Tena lile kosa letu kwa Mzee Righa, Mungu amweke. Huyo tulimfuata kwake Wundanyi, juu kule penye ukungu, akatuambia mahindi yamekomaa, ndege wameanza kuyala, watu wawahi. Tukaandika: Wundanyi, mahindi yamekomaa. Kibuyu kikawaambia watu wote wa juu wavune. Simu zikaanza! Mama mmoja akaniambia, "Nivune nini, majani?" Kumbe mzee kama Wataita wengi ana shamba la juu na shamba la chini, anakaa juu lakini alikuwa ameshuka jana yake kutazama la chini, Marungu, kwenye joto, ambako mambo hukomaa mapema. Alikuwa anaongea akiwa Wundanyi, macho yake yako Marungu. Mgeni asingefanya kosa hilo, angemuuliza shamba liko wapi. Ni sisi wawili, watoto wa hapa hapa, tuliodhani tunamjua mzee kiasi hatuna haja ya kumuuliza. Tangu siku hiyo ukasema, "Usiandike mtu anakaa wapi. Andika alikuwa anatazama wapi." Na ukaongeza msemaji kwenye kila jibu: kwa mujibu wa fulani, wa mahali fulani.

Mimi nilipinga hiyo. Nikasema watu wanataka jibu fupi. Ndiyo au hapana. Ukaniambia, "Mcharo, wewe ukisimulia ya Kisangani watu wanajua ni wewe unayesimulia, wanapunguza nusu. Wakiisikia bila jina lako watabeba yote." Nikakasirika siku nzima. Ulikuwa umesema kweli, ndiyo maana.

Sasa habari.

Wafadhili wamemleta msichana anaitwa Chebet, wa huko Bonde la Ufa, aendeleze pale ulipoachia. Si mtu mbaya. Nilitaka awe mbaya, ingenisaidia sana. Alikuja na mkate, akakaa kwenye kiti cha plastiki, chako hajakigusa mpaka leo. Kazi anaijua. Alipitia vyumba vyako kimoja kimoja, na katika kile cha Kishushe akaniita. Akasema, "Mcharo, karibu kila kitu hapa kimesemwa na mtu mmoja." Nikamwambia naam, ndiye mwenyewe, huko ndiko kwao. Njia, maji, malisho, ndovu hupita wapi, vyote kwa mujibu wa Mwadime. Hukutaka kumsumbua mtu mwingine, ulikuwa unakwenda kila mwisho wa mwezi, unatazama, unarudi unaandika.

Akanionyesha sheria. Sheria ni yako, umeiandika kwa mkono wako: msemaji akiondoka, yote aliyoyasema kuhusu hali ya sasa yafungwe mpaka apatikane shahidi mwingine. Akasema, "Inabidi tuweke alama kwamba hayupo."

Nilikataa. Nilikataa mbele yake na mbele ya wafadhili kwenye simu, na nilikataa vizuri, na maneno makubwa. Nikawaambia nimebishana na askari wa mipaka ya nchi tatu, nyinyi ni nani. Nikawaambia jina lile likiguswa mimi naondoka na pikipiki na watu wote ninaowajua, tuone mtamuuliza nani. Chebet hakubishana. Akasema tu, "Sawa. Lakini mvua inakuja."

Baadaye akanionyesha kitu kingine, na hakunionyesha kwa ubaya. Kuna namba moja ya Kishushe inayouliza kila asubuhi, jua likitoka tu. Swali ni lile lile. Njia ikoje. Na Kibuyu kinajibu: Njia ya Kishushe inapitika. Kwa mujibu wa Mwadime, wa Kishushe.

Namba hiyo naijua, Mwadime. Naijua kuliko yangu. Ni ya mama yako, ambaye haendi popote.

Sasa ningefanya nini? Niambie. Nikuwekee alama, mama yako aamke asubuhi apate nini?

Mvua ikaja. Si ya kuchezea. Huku Voi maji yalipita barabarani yakibeba viatu vya watu. Na nikaamka nikamfungia mama yako unga na sukari kwenye pikipiki, maana nilimwahidi pale makaburini, nikapita Mwatate, nikapanda Wundanyi, nikashuka upande wa pili. Ile barabara ya kushuka unaijua. Hata nyani wanaishuka kwa heshima.

Kwenye korongo nikakuta pikapu imelala ubavu mchangani. Maji yalikuwa yameshapungua, yamebaki kifundoni. Watu wanachimba. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa mbuzi, Mkamba wa Miasenyi, jina lake Mutua, mtu mnene, amelowa mpaka shingoni. Mbuzi waliokufa walikuwa wamepangwa ukingoni kama vile wanapumzika. Mimi kwa mdomo wangu, nikaanza na utani. Nikamwambia, "Bwana, kuogelea na gari ni leseni gani hiyo?"

Akanigeukia na koleo. "Kuna mtu anaitwa Mwadime. Unamjua?"

Nikamwambia namjua.

"Basi mwambie Mutua anamtafuta. Mwambie nikimpata atajua mimi ni nani. Mwongo mkubwa! Ona." Akatoa simu kwenye mfuko wa nailoni. "Leo asubuhi nimeuliza, nimejibiwa inapitika. Kwa mujibu wa Mwadime. Huyu, huyu hapa. Anakaa wapi?"

Nikamwambia hatapatikana.

"Anajificha?"

"Hapana. Amefariki."

Akashusha koleo. Akavua kofia, maji yakamwagika kutoka ndani yake. "Lini?"

"Kabla ya mvua."

Akaitazama simu. Akanitazama. Hakuwa na hasira tena, alikuwa kama mtoto anayeuliza swali la hesabu. "Sasa ameniambiaje leo asubuhi?"

Ningeweza kumweleza vyumba, Mwadime, na kwamba uliposema ulikuwa umesimama pale pale, mchanga mkavu, jua kali, na kwamba ilikuwa kweli tupu. Ni mimi niliyelitoa neno lako kwenye chumba chake nikalipeleka kwenye mvua. Lakini yule mtu alikuwa anatetemeka kwa baridi. Nikavua viatu nikasukuma gari. Akawa anasema, "Pole, bwana. Pole sana. Nimemtukana marehemu." Kila tukisukuma, pole. Nikamwambia sukuma.

Njia nzima iliyobaki nilikuwa nasikia neno moja tu. Mwongo. Wewe. Mtu aliyeweza kukaa kimya mwezi mzima kuhusu jambo kwa sababu hajaliona kwa macho.

Mama alikuwa jikoni, anaponda kimanga, mihogo na maharagwe. Nikaweka unga, nikaweka sukari, nikakaa kwenye kigoda. Hakugeuka.

"Umekuja kuniambia mnamfunga," akasema.

Nikamuuliza nani amemwambia.

"Sheria yake alinieleza mwenyewe. Na wewe hata ukija kuomba chumvi unaingia na hadithi ya Kongo. Leo umeingia kimya."

Nikamweleza. Habari za pikapu alikuwa nazo tayari, Kishushe habari hazihitaji kompyuta. Nikamwambia, Mama, nimekataa mpaka leo kwa sababu yako, kwa sababu unauliza njia kila siku.

Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mimi niende wapi na magoti haya? Mimi sikuwa nauliza njia, Mcharo. Nilikuwa namwamsha. Alipokuwa shule nilikuwa nikimwita mara moja, anaitika kutoka ndani ya blanketi, basi, najua yupo. Sasa nabonyeza, anaitika."

Akaendelea kuponda.

"Na huyo wa mbuzi alimwita mwanangu mwongo?"

"Ndiyo, Mama."

"Mbele ya watu?"

"Watu walikuwepo."

Akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Mwanangu alikuwa mkali, alikuwa mchoyo wa sukari, hafui soksi mpaka zisimame zenyewe. Mwongo hakuwa. Mfungeni." Kisha akanipakulia, nikala, kilikuwa moto na sikuonja kitu. Nilipokuwa nawasha pikipiki akanifuata mpaka kwenye ua. Akauliza, "Akifungwa anaenda wapi?"

Nikamwambia nitamuuliza Chebet. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo.

Kesho yake tukakaa, mimi na Chebet. Akafungua jina lako. Mashine ikauliza: sababu ya kuondoka? Ikatoa ulizoziweka wewe. Amehama. Hapatikani kwa simu. Amebadilisha kazi. Tumekosana naye. Basi. Nikamwambia Chebet teremsha chini, akateremsha, hakuna kitu. Umeweka mpaka kukosana, Mwadime! Umewaza kila namna ya mtu kutoka Kishushe, kufa hukukuwaza. Nilicheka mpaka Chebet akainuka akafunga mlango ili watu wa saruji wasisikie. Nilicheka nikashika meza. Akaniambia pole pole, "Naweza kuongeza." Nikamwambia ongeza. Akaandika, amefariki. Sasa iko pale chini kabisa, na wewe ndiye wa kwanza kuitumia.

Nikadhani imeisha. Lakini mashine ikauliza tena: afungwe katika vyumba vipi? Hii sikuijua. Mimi niliogopa kwamba ukibonyeza jina linafutika lote, kama kuzima taa. Chebet akanieleza, akaelekeza kwa kalamu. Yale uliyosema yanayohusu sasa, yanafungwa: njia, maji ya bwawa, malisho, ndovu. Hayo yanabadilika, na wewe huwezi tena kwenda kutazama. Lakini yale uliyoyasema na wakati wake ndani yake hayaguswi. Jiwe lile linaitwaje. Kisima cha nyuma ya boma kilichimbwa na nani. Mwaka wa ukame ng'ombe walipelekwa upande gani. "Haya ameyaweka katika wakati wake," akasema. "Kufariki kwake hakuyaharibu. Hapa yeye bado ni shahidi."

Nikamwambia bonyeza. Akasema bonyeza wewe. Nikabonyeza. Njia. Maji. Malisho. Ndovu. Kila kimoja kinauliza una uhakika, kila kimoja nikasema ndiyo. Kidole kilikuwa kama cha mtu mwingine.

Nikampigia Mama. Nikamwambia nimeuliza, jibu ninalo. Ameondoka katika mambo ya leo, nikasema. Ya nyuma yupo, na hakuna anayeweza kumtoa. Akauliza, "Nikimuuliza kisima?" Nikamwambia muulize. Nikakaa nikitazama skrini, swali likaingia, jibu likatoka: Kilichimbwa na babu yake Mwadime na ndugu zake, kwa mikono. Kwa mujibu wa Mwadime, wa Kishushe. Nikasubiri apige. Hakupiga. Akatuma neno moja tu. Haya.

Leo alfajiri ameuliza njia tena. Njia ikoje. Labda ni mazoea, labda vidole vimeenda vyenyewe, sijui, na sitamuuliza. Kibuyu kimemjibu: Hatujui.

Nimeisoma hiyo, Mwadime, na ndicho kitu cha kwanza kilichonichoma tangu ufe. Hatujui. Mtu anaamka peke yake kule chini, anaita, anaambiwa hatujui. Nikamwambia Chebet ongeza kitu. Andika kwamba kuna mtu anakwenda kutazama. Akaniambia, kwa upole tu, "Kibuyu hakiwezi kusema hivyo kama si kweli. Hilo nalo ni neno, linataka msemaji. Nani anakwenda?"

Nikamwambia weka jina langu.

Ndiyo sababu nakuandikia haraka sasa, maana meseji imeshatumwa kwamba Mcharo anakwenda kutazama, na Mama ameshaisoma, na wingu limekaa juu ya mlima Sagalla.

Nitakwenda Kishushe, ndugu yangu, leo na kila inaponyesha, na nitasimama mwenyewe kwenye mchanga kabla sijasema neno. Nitawauliza wenye ng'ombe, wale watafuta mawe ya thamani, akina mama wa kisimani, kila mtu kwa lake na alikuwa anatazama wapi. Vyumba vyako vya Kishushe nitavijaza upya na watu walio hai, na pale nisipojua nitaacha wazi, mimi Mcharo, bila kuongeza hata chumvi. Hii nakuahidi, na unajua inanigharimu nini. Na Mama nitamletea habari ya njia mlangoni kwake, kwa mdomo, hata kama hana pa kwenda.

Pumzika, Mwadime. Hakuna mtu atakayekuita mwongo tena nikiwa hai. Acha nivae koti, maji hayanisubiri.

Ndugu yako,
Mcharo